Simu ya Wodi ya Ng'ambo

Sifa zote ni kwa Mungu Mwenyezi, aliyetuumbia sikio kabla ya kutufundisha kusema, anayesikia kilio cha mtu hata pale pasipofika waya wala mnara. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu nikiwa bado naiona njia na kukumbuka niliyoyapitia. Kwa neema yake nasimulia habari ya simu, nami nitaisimulia kama ilivyokuwa, maana haihitaji kutiwa chumvi.

Watu wa parokia yetu walijenga wodi ya wazazi. Nikisema walijenga namaanisha hivyo hasa. Akina mama walisomba mchanga kwa ndoo wakitoka misa ya kwanza, wanaume walichoma matofali, wakulima walileta mahindi, na ndugu zetu wa Mbinga wakaleta kahawa. Hata walimu na watumishi waliohamia mjini kutoka mikoa mingine, Waislamu kwa Wakristo, walikuja Jumamosi kupaka rangi, huku wakicheka jinsi walivyochafuka. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kazi niliyopewa baada ya kustaafu ukatekista. Nadhani walinichagua kwa sababu nina muda mwingi na hasira kidogo.

Wodi ilipendeza. Shida yake ilikuwa moja. Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa, kwa hiyo tuliijenga ng'ambo ya kijito. Chumba cha upasuaji, maabara na ofisi za madaktari vilibaki upande wa zamani. Ili kutoka huku kwenda kule unateremka, unavuka daraja dogo la zege, kisha unapanda. Kwa mtu mzima wa afya si mbali. Kwa mama anayetokwa na damu, ni mbali sana.

Matroni wetu, mtawa mwenye maneno machache, alikuja kukagua jengo siku tulipomaliza kuweka vitanda. Alipita chumba kwa chumba, akagusa kuta, akafungua mabomba, akasema asante Mungu. Halafu akasimama mlangoni akitazama upande wa pili.

"Mwenyekiti," akaniambia, "nikiwa na mama hapa hali imebadilika, namwita daktari kwa kitu gani? Kwa filimbi?"

Nikamwambia simu itafika.

"Ipi? Ile ya waya inayokoroma mvua ikinyesha? Au ya mfukoni, ambayo hapa chini mtandao wake unakuja ukipenda?" Akatikisa kichwa. "Sihamishi mama hata mmoja mpaka niwe na simu ninayoiamini. Kule wodi ya zamani tunalaza wawili kitanda kimoja, lakini daktari nikiita anasikia. Bora wabanane wakiwa hai."

Hapo ndipo mzigo uliponiangukia. Jengo la jasho la watu lilikuwa limesimama, limepakwa rangi, na huenda lingekaa tupu msimu wote wa mvua. Kila Jumapili baada ya misa mtu aliniuliza: Mzee, tunafungua lini? Wanawake waliosomba mchanga, baadhi yao walikuwa wajawazito.

Uongozi wa hospitali nao ulikuwa umechoka na simu za zamani. Hospitali ni kubwa, ina wodi nyingi, ofisi, stoo, jiko, chuo cha uuguzi na nyumba za watumishi, na vyote vilitegemea swichibodi moja ya enzi za wamisionari. Mvua ikinyesha waya zilikoroma. Zisipokoroma, wezi walikuwa wamezikata kwa ajili ya shaba. Basi wakaamua kubadilisha mfumo wote, na kwa kuwa jengo letu ndilo lililoleta kelele, wakaikabidhi kamati yangu kazi ya kuchagua: tununue swichibodi mpya na waya mpya, au tuhamie kwenye simu za intaneti. Mimi niliyezoea kuamua nani asome somo la kwanza na nani la pili.

Tukapewa wataalamu wawili, na Mungu ana ucheshi wake, maana hawakufanana kwa lolote.

Wa kwanza alikuwa fundi mstaafu wa simu za waya, Mmatengo wa rika langu, aliyepanda nguzo za simu kutoka Songea hadi Tunduru enzi ambazo kufika Namasakata, huko Tunduru, ilikuwa safari ya mtu kuaga nyumbani. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo hatukuwahi kuongea bila kutaniana. Wa pili alikuwa ofisa wa TEHAMA wa hospitali, mama kijana kutoka Kigoma, mwenye ushungi na kicheko cha wazi, aliyetuita sote wawili babu tangu siku ya kwanza.

"Simu ya waya," alianza fundi katika kikao cha kwanza, "haijui umeme umekatika. Inabeba umeme wake ndani ya waya. Mmewahi kuona simu ya waya ikiomba chaji?"

"Shikamoo babu, ni kweli kabisa," akasema yule mama. "Lakini na mwizi naye anajua hilo. Akikata waya, inaomba nini?"

"Tutaufukia chini."

"Wamatengo!" nikadakia. "Nyumbani kwao wanalima kwa mashimo ya ngolo, sasa hata simu wanataka kuichimbia shimo."

"Na mlima wetu haujamomonyoka mpaka leo," akanijibu. "Nyie Wangoni mlikuja na mikuki, mnajua nini kuhusu udongo?"

Kikao kikachangamka, lakini Matroni hakucheka. Alimgeukia ofisa wa TEHAMA. "Intaneti ikikatika? Maana hukatika."

Yule mama akaeleza kwa utulivu, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza. Simu za intaneti ndani ya hospitali hazihitaji kwenda nje. Zinazungumza kupitia mtandao wetu wenyewe, kama majirani wawili wanaoongea juu ya ua bila kupitia sokoni. Intaneti ya nje ikikatika, wodi bado inaita maabara. Umeme ukikatika, kuna betri, na juu ya betri kuna sola tuliyonayo tayari juu ya paa la duka la dawa. Kisha akasema neno lililomfanya Matroni ainue uso: kitufe kimoja kinaweza kuita sehemu tatu kwa pamoja. Daktari, chumba cha upasuaji na maabara, wote wanaitwa mara moja, na anayeinua anasikia.

"Kwa swichibodi," akasema, "opereta anatafuta mmoja, akimkosa anatafuta mwingine. Kosa si lake. Ana mikono miwili tu."

Fundi akakuna kidevu. "Maneno matamu. Tuyaone."

Tukakubaliana kufanya majaribio. Fundi akavuta waya wa muda kupita darajani mpaka wodi mpya, na ofisa wa TEHAMA akapitisha waya wake pembeni yake, akafunga simu zake mezani. Matroni ndiye angeamua saa na namna, bila kumwambia mtu. Alimtaka mwanafunzi mmoja wa uuguzi, binti mcheshi wa Lusewa, alale kitandani awe mama anayetokwa na damu. Muuguzi wa zamu angepiga simu. Mimi nilisimama pembeni na tasbihi yangu mfukoni.

Simu ya waya ilijaribiwa kwanza. Muuguzi akainua, opereta akapokea kwa sauti safi, akampigia daktari. Daktari hakuwa ofisini. Akajaribu wodi ya watoto. Akajaribu chumba cha upasuaji. Alipopatikana mtu, alikuwa mfanyausafi, akaenda kumwita anayehusika. Waya ulifanya kazi yake vizuri, haukukoroma hata kidogo. Lakini "mgonjwa" wetu kitandani alikuwa ameshajifunika shuka hadi usoni.

"Bado upo?" Matroni akamuuliza.

"Naandaliwa mazishi, Sista."

Ikaja zamu ya simu za intaneti. Muuguzi akabonyeza kitufe. Mara moja, kabla hajakaa sawa, watu watatu wakainua: daktari mwenyewe, kwa kuwa simu yake ndogo ilikuwa kiunoni, msimamizi wa chumba cha upasuaji, na fundi sanifu wa maabara. Sauti zilisikika kama wako chumbani. Ofisa wa TEHAMA akanitazama, macho yanang'aa. Ndipo nilipoyasikia haya, na nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema muuguzi.

"Milele, amina," wakajibu watatu kwa pamoja.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Habari za huko ng'ambo?"

"Nzuri, daktari. Za kazi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na mimi nipo," akasema wa maabara. "Shikamoo daktari. Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama hajambo? Nilisikia alilazwa."

"Anaendelea vizuri, amesharudi nyumbani."

"Ee, Mungu ni mwema," akasema yule wa chumba cha upasuaji. "Tulikuwa tunamwombea."

Kitandani shuka likaruka. "Jamani!" akapaza sauti binti wa Lusewa. "Mimi nimeshakufa hapa, na mnasalimia mama wa mtu!"

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Fundi alimgonga bega ofisa wa TEHAMA. "Mjukuu wangu, simu yako nimeikubali. Yangu ilichelewesha mtu mmoja, yako imewaita watatu wakasalimiane!"

Alikuwa akicheka peke yake mwishoni, kwa sababu Matroni alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani. "Sifungui," akasema taratibu. "Nimeona. Sifungui."

Niliondoka pale nikiwa na mzigo mzito kuliko niliokwenda nao. Simu tulikuwa tumeipata. Kilichotushinda kilikuwa adabu yetu wenyewe, na adabu si kitu cha kumlaumu mtu. Hapa kwetu mtu haanzi na shida yake. Anaanza na Mungu, kisha na wewe, kisha na watu wa nyumbani kwako, ndipo anasema kilichomleta. Muuguzi kijana anayempigia daktari mkubwa bila shikamoo atasemwa mpaka jikoni. Tena wengi wao nilikuwa nimewafundisha mimi, darasa kwa darasa, wakijiandaa kwa komunyo ya kwanza, namna ya kumsalimu mkubwa na namna ya kupokea salamu. Hakuna waraka wa hospitali ambao ungeyatoa mafundisho hayo vinywani mwao. Ofisa wa TEHAMA alipendekeza bango ukutani. Matroni akamwambia watasalimiana huku wakilisoma.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilikaa kanisani kabla ya misa. Sikuomba kwa maneno mengi. Nilimwambia Mungu kwamba jengo ni lake, akina mama ni wake, na salamu ni zake pia, kwa hiyo anionyeshe. Nikiwa nimekaa hivyo nikamkumbuka nabii mmoja wa kale aliyemtuma mtumishi wake mbio kwa mtoto aliyekufa. Alimwagiza kwamba akikutana na mtu njiani asimsalimu, na akisalimiwa asijibu. Nilikuwa nimefundisha habari hiyo miaka mingi, nikieleza fimbo, nikieleza imani ya mama wa mtoto, na kuhusu ile salamu iliyokatazwa nikapita haraka. Sasa ikasimama mbele yangu kama mtu aliyeniwekea mkono kifuani. Nabii hakudharau salamu. Alijua kuna safari ambayo ndani yake salamu yenyewe ni kumkimbilia mtoto.

Nilimwomba mganga mkuu nafasi katika sala ya asubuhi ya watumishi. Wanakusanyika kila siku kabla ya kazi, na wasio wa dini yetu hukaa nyuma kwa heshima. Nilisimama mbele, nikawasimulia habari hiyo. Kisha nikasema:

"Wengi wenu mmesalimia watu kwa kufundishwa na mimi. Leo nawafundisha tena. Katika simu ile ya wodi ya ng'ambo hakuna Tumsifu, hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Unataja wodi, unataja shida, unaweka simu chini. Atakayesema umekosa adabu, mwambieni mzee katekista ndiye aliyewaruhusu, aje anigombeze mimi nyumbani kwangu. Na Tumsifu yenu mtaisema mama akiwa salama, na itakuwa tamu zaidi."

Yule muuguzi wa majaribio akanyoosha mkono. "Mzee, daktari nimpigie hivi hivi tu? Kama namwita mbuzi?"

Kicheko kikapita. Daktari mwenyewe akasimama, mtu mrefu wa kutoka Kagera. "Niite hivyo hivyo," akasema. "Ukinisalimia kwenye ile simu, nitakuwa ninakimbia tayari, sitakusikia."

"Na mimi shikamoo yangu?" akadakia wa maabara. "Maana dada huyu nimemzidi umri kidogo, tatizo anajifanya."

"Wewe hujawahi kumzidi mtu umri," akajibiwa, na watu wakatoka wakicheka kwenda kazini.

Jaribio la pili Matroni alilifanya siku hiyohiyo, bila taarifa. Mimi nilikuwa nje ya wodi nikiongea na vijana wa parokia. Nilisikia sauti ya muuguzi kupitia dirishani: "Wodi ya ng'ambo. Mama anatokwa na damu." Basi. Nilipogeuka, daktari alikuwa darajani, koti linapepea, na nyuma yake mtu wa maabara amekumbatia boksi la damu kama mtoto. Binti wa Lusewa alikuwa bado anapanga mto wake alale.

"Subirini basi niumwe!" akalalamika.

Matroni akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwenyekiti, hizi," akasema. "Ziwekwe hospitali nzima."

Kamati ikapitisha simu za intaneti siku hiyo, na fundi wangu Mmatengo ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Hakuishia hapo. Ofisa wa TEHAMA alisema mtandao wa kwenda ng'ambo ungepita kwenye waya wa kioo, usio na shaba ambayo mwizi angeitamani, na kwamba ulipaswa kufukiwa ardhini. Fundi akavua koti.

"Kufukia," akasema, "ndipo mnaponihitaji. Mngoni, shika jembe utazame watu wanavyochimba."

Alisimamia mtaro ule kuanzia duka la dawa hadi mlangoni kwa Matroni. Vijana wa parokia walichimba, walimu wakaja na majembe yao, na yule mama wa Kigoma alipita nyuma yao akilaza waya kama anayelaza mtoto mchanga, akimkemea babu fundi kila alipoukunja kupita kiasi. "Babu, hiki kioo, si kamba ya mbuzi!" Naye alitii, mzee yule aliyetiiwa na nguzo za simu za mkoa mzima. Opereta wetu wa swichibodi alihamia kwenye meza mpya, akapokea wito wa nje na kuuelekeza unakohitajika, na kwa watu wa nje aliendelea kusalimu kwa utimilifu wote, maana kule ndiko salamu zinakotakiwa. Mvua za kwanza ziliponyesha, akina mama wakahamia ng'ambo, kila mmoja na kitanda chake.

Siku niliyotaka kuisimulia tangu mwanzo ilikuja katikati ya msimu wa mvua, mchana. Nilikuwa nimekwenda hospitali kumwona mgonjwa upande wa zamani. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata huwezi kusikia sauti yako, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa kwenye kibaraza cha chumba cha upasuaji nikingoja ipungue. Simu ikaita ndani, na katika sekunde hiyohiyo ikaita kiunoni mwa daktari aliyekuwa akipita mbele yangu. Alisikiliza, hakujibu hata neno. Akanipita bila kunisalimu, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua.

Nami, mzee wa adabu, nilisimama pale nikamshangilia kwa moyo wangu wote. Sijawahi kufurahia kutosalimiwa kama siku ile.

Wa maabara akafuata na boksi lake chini ya mwavuli. Nyuma ya kibaraza nikasikia chumba cha upasuaji kinaanza kuandaliwa, vyombo vinagongana, mtu anaitisha jenereta. Nikashika tasbihi. Ng'ambo, kupitia ile mvua, niliona tu madirisha ya wodi na watu wakipita ndani.

Mama yule alikuwa wa vijijini kwetu, mmoja wa wale waliokuwa wakisomba mchanga kwa ndoo. Alikuwa amejifungua salama, damu ikakataa kusimama. Daktari alimkuta bado ana nguvu ya kumuuliza kama mtoto ni wa kike. Alikuwa wa kike. Damu ikasimama kitandani palepale, na hakuhitaji hata kuvushwa daraja. Mvua ilipopungua nilivuka mwenyewe, nikamkuta Matroni ameketi karibu na kitanda na mtoto mikononi, koti la daktari linachuruzika maji kwenye kiti, na yule muuguzi aliyepiga simu amesimama dirishani akilia na kucheka.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema mlangoni.

"Milele, amina!" wakajibu wote, wodi nzima, hadi vitanda vya mwisho, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu waliniuliza habari za jengo lao. Sikuwapa maelezo. Nikawapeleka ng'ambo wakajionee wenyewe. Walijaa kibarazani, wanachungulia madirishani, mafundi na wakulima na walimu, fundi wangu na yule mama wa ushungi kati yao, na Matroni, ambaye hana mazoea ya kufungua milango saa za kupumzika, akaifungua yote miwili. Vitanda vilikuwa vimejaa. Akina mama walikuwa wanakula uji, na watoto wanalia kwa afya.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie uitikiwe kila unapoita. Awape mbio miguu ya wale wanaokuja kukusaidia, awaweke hai wanaozaa na wanaozaliwa nyumbani mwako, na amani yake ikukute ukiwa na nafasi ya kuipokea. Amina.